Pilau ya Kuvumwani

Mwaka ule Mama Shirin aliupika ugunduzi wangu kwenye pilau, nami nikaula, nikaongeza na sahani ya pili. Hivyo ndivyo nilivyowajibu wajukuu zake mwezi uliopita, nyumbani kwa mwanawe huko Mississauga, tulipotoka kumzika. Waliniuliza kwa Kiingereza nilimjuaje bibi yao, na swali lao halikuwa baya, maana sebule ilijaa Wahindi wa Tanga na Dodoma na mweusi nilikuwa mimi peke yangu, nimekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. Nizar, mwana wa marehemu, ambaye siku hizi ana mvi kunishinda, alicheka huku machozi yanamtoka. "Eli, wasimulie vizuri, usiwakatie." Nikawasimulia, lakini niliwakatia. Sikuweza kukaa. Tangu tutoke makaburini nilikuwa naingia jikoni, natoka, nafungua kabati, nalifunga, mpaka mke wa Nizar akaniuliza kama nimepoteza kitu. Sikuwa nimepoteza kitu. Ipo sehemu ya hadithi ile ambayo Nizar hakuwahi kuambiwa, na yeye alikuwa pale pale mbele yangu na birika la chai mkononi. Nimeamua kuiandika. Akiisoma, na aisome. Ni mtu mzima, ana wajukuu.

Mama Shirin nilikutana naye kwenye duka moja la ughaibuni, mtaa wa Agincourt. Nilikuwa nachagua nazi, nikasikia nyuma yangu Kiswahili cha Tanga kimenyooka: "We mtoto, hiyo mbovu. Itikise kwanza! Umezaliwa wapi usiyejua nazi?" Niligeuka nikakuta mama wa Kihindi, mfupi, koti la kiume limemfika vifundoni. Kabla hatujafika kwa mwenye duka alishajua kwamba naitwa Eliwaza, nasoma mambo ya mimea, nalala kwenye chumba cha chini kisicho na mwanga na sikipendi. Jumamosi iliyofuata nilihamia kwake Scarborough, kwenye ghorofa refu linalotazama maegesho ya magari na safu ya maduka. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovikwa nailoni, ukikaa yanalia, ukiinuka yanakung'ang'ania. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mumewe mbele ya duka lao la vitambaa. Lakini maisha yote yalikuwa jikoni. Jiko lilikuwa dogo kiasi kwamba mmoja akifungua oveni mwingine lazima atoke, na dirisha lake aliliacha wazi hata wakati wa barafu, moshi wa vitunguu utoke, majirani wasije wakapiga simu kulalamika. Aliponiandikia masharti ya nyumba, aliyaandika kwa mdomo: usivue viatu sebuleni, vua mlangoni, usiniite madam, usile nje, ni aibu yangu.

Nami mwaka ule nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Masomo yalikuwa yanakwisha na sikujua nikitoka pale naelekea wapi. Kila mji ulikuwa mzuri mpaka nikiufikiria mara ya pili. Nilikuwa napanda basi la mjini asubuhi bila safari, nakwenda nalo mpaka mwisho wa njia, nateremka, natazama, narudi. Usiku nahamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Mama Shirin alikuwa anasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, asubuhi ananiuliza huku anakoroga chai: "Jana umelala upande gani wa dunia?" Alinitania, lakini alikuwa ananitazama. Mtu anayeishi na mpangaji asiyetulia hujifunza kusikiliza mlango.

Mahali pekee pa kunipunguzia ule muwasho palikuwa msituni. Mwalimu wangu, Dokta Anne, alikuwa anakagua kuvumwani kwenye msitu wa hifadhi huko kaskazini, mwendo wa nusu siku kwa gari, naye alinichukua niwe msaidizi wake. Neno lenyewe nililitoa vitabuni. Nyumbani tulikuwa tunasema tu magamba ya miti, au ndevu. Ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja: kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa jua, na hakuna anayemfukuza mwenziwe. Nilipomweleza Mama Shirin, aliinua mwiko akauliza, "Sasa kati yetu mimi na wewe, kuvu nani?" Nilifika kule nikidhani nitaona magamba ya kijivu basi. Lo! Kwenye mwerezi mmoja mzee mlikuwa na mji mzima. Kulikuwa na ya kung'ang'ania gome kama ukoko wa wali uliokomaa chini ya sufuria, na ya kuning'inia kama ndevu za shehe, na ya majani majani, yamejikunja kama kabichi iliyosahauliwa. Chini, kwenye magogo yaliyooza, vilisimama vikombe vidogo vya kijani ambavyo sisimizi angeweza kunywea, na vingine vina vichwa vyekundu kama viberiti. Kwenye mawe palikuwa na rangi ya machungwa ambayo ungeapa mtu kamwaga rangi. Unapiga magoti, unaweka kioo cha kukuzia kwenye jicho, unasogeza pua mpaka unasikia harufu ya gome, na ghafla yule mtu anayetaka kuondoka ndani yako ananyamaza. Ukiinuka tu, anaanza tena.

Sasa magoti yangu yanalia nikiyakunja, na mwanangu wa kike ameanza kuninyang'anya ufunguo wa gari kwa upole, "Mama, leo acha niendeshe mimi." Ndipo ninapomfikiria Mama Shirin kwa namna ambayo kijana hawezi kufikiria. Wakati ule nilimwona bibi mwenye maneno mengi tu. Kumbe alikuwa vitani, na mimi nilikuwa silaha yake.

Niliigundua vita hiyo kupitia ukuta. Nizar alikuwa anapiga simu kila Jumatano, na Mama Shirin, kwa sababu masikio yalikuwa yameanza kumchoka, alikuwa anaiwasha ile sauti ya kusikika chumba kizima. Nizar anazungumza Kiingereza, mama anamjibu Kiswahili. Nizar anasema nyumba yake ni kubwa, chumba cha chini kimepakwa rangi, kuna choo chake mwenyewe. "Sitaki choo, nina choo," mama anajibu. Nizar anasema hawezi kulala akijua mama yake yuko peke yake Scarborough. "Siko peke yangu. Nina Eli." Kisha Nizar, safari hii kwa Kiswahili, maana alikulia Tanga mpaka akapata akili: "Sawa, Mama. Eli akiwepo, kaa. Eli akiondoka, nakuja na lori siku hiyo hiyo. Tumeelewana?" "Tumeelewana," akasema, akakata simu, akaja kunigongea mlango kuniuliza kama nitakula muhogo.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Na yeye, nilipomwambia habari yangu wiki chache baadaye, alitikisa kichwa tu akaendelea kumenya vitunguu saumu. Habari yangu ilikuwa hii. Mwanzoni mwa vuli, kwenye bonde lenye maji ambako mierezi imeinamiana, niliona kwenye shina moja lililopinda kuvumwani pana, ya kijivu, ya majani, ukingo wake umejikunja na chini yake ni mweusi. Dokta Anne aliivalia miwani, akasema haijawahi kuonekana katika msitu ule. Ilibidi aipime kwanza ndipo aseme kwa uhakika. Tulikuwa na kibali cha kuchukua kidogo, tukachukua kipande, nikakiweka kwenye mfuko wa kaki na kuandika juu yake jina langu, tarehe na mahali. Lakini Dokta alikuwa anasafiri asubuhi iliyofuata kwenda kwenye mkutano. "Kaa nacho wewe," akaniambia. "Kikaushe vizuri, usikifungie, kitaoza. Kikiwa ndicho ninachofikiri, wasimamizi wa hifadhi watataka mtu akae kituoni mwaka mzima, akague bonde lote. Nitakutaja wewe." Mwaka mzima! Nyumba ya mbao, jiko la kuni, na miti. Kwa mara ya kwanza nilijua ninapotaka kwenda. Nilifika Scarborough nikiruka ruka kama mtoto, nikauweka ule mfuko juu ya hita ya jikoni, mdomo wazi, ukauke.

Mama Shirin aliuchungulia, akanusa. Kisha alishusha kopo la bati kutoka kabati la juu akanifunulia. Ndani mlikuwa na vitu vya kijivu, vimekauka, vimejikunja, ubavu mmoja mweusi. Nilipigwa na butwaa. Ilikuwa ndugu yake kabisa! "Sisi tunayaita maua ya mawe," akasema. "Bila haya, bizari ni vumbi. Ukiyatia kwenye mafuta ya moto, ndipo yanatoa harufu. Mama yangu alikuwa anayaagiza kutoka Bombei." Tulicheka sana siku ile. Nilimwambia yeye ni mtaalamu kuliko mimi, amekuwa anakula ninachokisomea tangu kabla sijazaliwa.

Jumapili alipika pilau. Nilirudi kanisani nikaikuta harufu kwenye lifti, si mlangoni, kwenye lifti! Tukala na kachumbari na pilipili ya kusaga. Nilimsifu. Nilisema leo kuna kitu, kuna harufu ya udongo wa mvua, sijawahi kula pilau kama hii, nikapakua tena. Yeye alikula kidogo. Nilipokwenda kuosha vyombo nikaona juu ya hita hakuna kitu.

"Mama, mfuko wangu uko wapi?"

"Mfuko gani?"

"Wa kaki. Ulikuwa hapa."

Alifuta mikono kwenye aproni taratibu. "Eh! Ule? Mwanangu, kopo lilikuwa linakaribia kwisha, nikajua umeniletea."

Nilikaa chini, sakafuni, na mimi si mtu wa kukaa. Kisha nikainuka nikafungua sufuria nikaanza kuchambua wali kwa vidole, punje kwa punje, natafuta kitu cha kijivu kati ya karafuu na nyama, na nilichokipata kilikuwa laini kama jani la chai lililochemka. Nililia kwa hasira. Nilisema maneno. Nilimwambia, "Umenila, Mama Shirin! Umeupika mwaka wangu!" Yeye alisimama pale mlangoni mwa jiko, hakujitetea wala hakunitania, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili siku ile.

Jumatatu nilimpigia Dokta Anne hotelini kwake. Nilimweleza yote. Nikasikia mtu anapita na vyombo nyuma yake, halafu akauliza, "Ilikuwa tamu?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kucheka akawa mwalimu tena. Bila sampuli hakuna cha kupima, bila kupima hana cha kuwaambia wasimamizi, nao wanakaa kikao mwisho wa wiki ijayo. Yeye mwenyewe hawezi kurudi kabla ya hapo. "Pale mtini kilibaki kipande. Nenda kabla theluji haijaanguka. Chukua kidogo sana." Ilikuwa rahisi kwake kusema nenda. Mimi sikuwa na gari wala leseni, na basi la kwenda kule lilikuwa linaishia mji mwingine kabisa.

"Nitakupeleka mimi," akasema Mama Shirin nyuma yangu. Nilidhani anatania. Gari la marehemu mumewe lilikuwa limelala chini ya jengo tangu msiba, limefunikwa turubai. Kumbe alikuwa anashuka kuliwasha kila wiki, hata Nizar hajui. Tuliondoka kumepambazuka, yeye amekalia mto ili aone mbele, chupa ya chai na kachori katikati yetu. Aliendesha kwenye barabara kuu kama mtu anayebeba mayai. Malori yanatupigia honi, yeye anayajibu, "Pita! Kwani nimekushika?" Nilikuwa nachezesha mguu, nafungua dirisha, nafunga, natazama mawingu. Anga lilikuwa limejaa, jeupe, zito. Hatukusemezana vizuri. Alijaribu mara moja kuniambia habari za pick-up ya duka aliyokuwa anaiendesha Tanga, nikamjibu "mh" tu.

Msituni alikataa kubaki garini. Nilimpa fimbo yangu, tukashuka bondeni polepole, yeye na lile koti la mume wake, anakanyaga mizizi na kunung'unika kwa Kikachi, Kihindi cha kwao. Nilipita mti baada ya mti, na mierezi yote ikawa sura moja. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia basi, imekula kwangu, nilipouona ule uliopinda, na juu ya shina, mahali pale pale, kijivu. Kilichobaki kilikuwa kama kiganja cha mkono. Nilimwita. Akaja, akahema, nikamvika kamba ya kioo shingoni nikamwonyesha jinsi ya kukisogeza jichoni. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Pembeni ya kile changu kulikuwa na ndevu, na ukoko, na vile vikombe. Alivipitia kimoja kimoja, mdomo wazi.

"Kizuri hivi," akasema. Alikuwa bado ameuelekea mti. "Nami nikakitia kwenye mafuta, huku najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua, Eli. Jina lako nililiona kwenye mfuko. Kopo langu bado limejaa, nenda katazame. Kwani kuna mpishi asiyejua bizari yake?"

Nilikuwa nimeshika kisu kidogo cha kubandulia. Nakumbuka nilikikunja nikakitia mfukoni kwanza, kisha ndiyo nikapiga kelele, nikamwuliza kwa nini, na kelele yangu ikapotea kwenye ile miti bila hata mwangwi. Naye hakupunguza sauti. "Kwa sababu unaondoka! Ukiondoka Nizar anakuja na lori. Unadhani sikujua kwamba unasikia zile simu? Kule kwake mke wake anapika, tena anapika vizuri, mimi nitakaa nipewe sahani. Nitapewa sahani mpaka nife. Nilikuwa nataka mwaka mmoja tu, mwanangu. Mmoja." Kamasi zilikuwa zinamtoka kwa baridi, akazifuta kwa mkono wa koti. "Haya, nimeshasema. Njia ya mwongo fupi."

Ningeweza kumwambia nitabaki. Nimezipima dakika zile miaka yote hii, na hata siku ile ya mazishi, nikizunguka jikoni kwa Nizar, nilikuwa nazipima. Nilimpenda, na nilikuwa na hasira naye ya kumsukuma, na nilikuwa nautaka mwaka wangu kwa uchu ule ule aliokuwa anautaka wake. Yote matatu yalikuwa kweli kwa pamoja. Tulisimama pale mpaka chembe ya kwanza ya theluji ikatua kwenye bega lake, na ya pili, na yeye ndiye aliyechoka kungoja.

"Kata," akasema. "Kitalowa."

Nikatoa kisu. Nilibandua kipande kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, pembeni, polepole, na yeye akaufungua mfuko kwa mikono miwili akakipokea kama anavyopokea mtu chumvi kwa jirani. Akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili, akanirudishia.

Njiani tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Theluji ilikuwa imeshika. Nilidhani amekwenda msalani, lakini nilipotoka kumtafuta nilimkuta kwenye simu ya ukutani, karibu na mashine ya kahawa, kidole kimoja kimeziba sikio la pili. Ilikuwa si Jumatano. Nilisimama nyuma ya rafu ya ramani, nikasikiliza kama nilivyozoea kusikiliza.

"Nizar? Ni mimi. Sijambo, nimesema sijambo! Niko njiani. Njiani wapi haikuhusu. Sikiliza, kile chumba chako cha chini, kina dirisha?"

Alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Dogo?" akasema. "Haidhuru. Mradi linafunguka."